Mzigo Chini ya Kiti

Kangle si mahali pa kufika na miguu iliyovimba. Mtaa huu wa wilaya ya Haizhu, jijini Guangzhou, ni vichochoro tu vya karakana za kushona nguo, na nyumba zake zimebanana kiasi kwamba majirani wanaweza kupeana mikono madirishani. Pikipiki za umeme hupenya katikati ya watu zikiwa zimebeba majora ya vitambaa. Kando ya barabara wenye karakana husimama wameshika nguo ya mfano, wakisaka mafundi wa kibarua cha siku hiyo. Jirani ya mtaa huu ni soko la vitambaa la Zhongda, lenye maelfu ya maduka. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata kitambaa, zipu na vifungo huku atatembea na kusimama kutwa nzima.

Kabla ya hapo ameshakaa ndani ya ndege kwa saa 10 hivi, tena kama amepata ya moja kwa moja. Anayepitia Addis Ababa au Dubai safari yake ni ndefu zaidi.

Ushauri wa kustahimili safari kama hii umejaa kila mahali: nunua mto wa shingo, vaa soksi za kubana, kunywa maji. Si ushauri mbaya. Ila katika njia ya Guangzhou, hasa wakati wa kurudi, anayemtesa abiria mara nyingi ni abiria mwenyewe. Begi lililoshiba sampuli, viatu na vifaa vya simu halikuenea juu, likasukumwa chini ya kiti cha mbele. Daraja la kawaida lina takriban sentimita 80 kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti kinachofuata. Begi likishaingia, miguu inapanda juu ya mzigo, magoti yanakaribia kifua, na hali inakuwa hivyo hadi Dar es Salaam.

Hapo si suala la starehe tu. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Isipotikisika, damu hutuama na inaweza kuganda. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Huongezeka kwa wanene, kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa warefu sana na wafupi sana pia.

Hewa nayo ina yake. Ndani ya Dreamliner, ndege ambayo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, mgandamizo wa hewa hulingana na wa mahali penye kimo cha mita 1,800 hivi, yaani kama Nairobi. Ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400, kimo cha Addis Ababa. Gesi tumboni hutanuka, kwa hiyo aliyekula maharage na kushushia soda kabla ya kupanda atajuta mapema. Tumbo likijaa hivyo, akina mama wanaosafiri na dera na kanga ya kujifunika wamewashinda kwa mbali vijana wa jinzi za kubana.

Kisha kuna saa. Guangzhou iko mbele kwa saa 5: huko ikiwa saa 2 asubuhi, mwili wa mtu wa Dar unasoma saa 9 usiku. Kuchagua rangi ya kitambaa na kubishana bei katika hali hiyo ni kutafuta hasara. Siku ya kwanza iwe ya kutazama na kuuliza bei, pesa zibaki mfukoni.

Wafanyabiashara wana utetezi wao, na una uzito. Mzigo wa meli hukaa majini wiki kadhaa, na Idi haisubiri meli. Cargo ya ndege hulipiwa kwa kilo, na faida ya nguo moja ni ndogo. Kwa hiyo kila kilo inayopenya bila kulipiwa ni pesa. Lakini aliyeokoa kilo 5 kisha akarudi na mguu uliovimba, akachelewa siku mbili kufungua duka, hajaokoa kitu.

Mashirika ya ndege nayo yasijitoe. Yanajua abiria wa njia hii ni wachuuzi, si watalii. Yauze kilo za ziada kwa bei ya kueleweka tangu siku ya kukata tiketi, na begi la mkononi lipimwe kwenye dawati la uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, badala ya kuachwa hadi mlangoni mwa ndege, ambapo mhudumu aliyechoka huamua kufumba macho.