KUKU WA SINGIDA ANA BEI, MTOTO WA SINGIDA SHILINGI 500!

Wewe kijana unayelisoma gazeti hili kijiweni, iwe Manzese, Buguruni au Ipembe pale Singida mjini, tulia kidogo tupige hesabu. Usitishike. Ni hesabu ambayo hata aliyetoka na ziro kidato cha nne ataimaliza kabla kahawa haijapoa.

Jogoo wa Singida akishushwa Dar es Salaam hauzwi shilingi 6,000. Mwenye kibanda cha chipsi atakucheka ukimtajia bei hiyo. Lakini shilingi 6,000 ndiyo thamani aliyopangiwa mtoto wa Singida shuleni, tena si kwa siku wala kwa mwezi. Kwa mwaka mzima!

Asiyeamini na afuatane nami. Mwaka 2002 ulipoanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wakubwa walikaa na wafadhili wakapanga kila mwanafunzi awe na ruzuku ya dola 10 kwa mwaka. Dola ilikuwa haijafika shilingi 1,000, basi ikaandikwa shilingi 10,000. Mwaka 2016 tukatangaziwa elimu bila malipo. Tukatajiwa mabilioni, eti bilioni 18.77 zinateremka kila mwezi, na kijiji kizima kikapiga makofi. Kiwango cha mtoto mmoja kilikuwa kiasi gani? Kilekile, shilingi 10,000! Wakati huo dola 10 zilikuwa zimekwishapita shilingi 21,000. Katika miaka 14 sukari ilipanda, nauli ikapanda, posho za waheshimiwa zikapanda. Aliyebaki chini ni mtoto peke yake.

Na hiyo 10,000 haifiki nzima. Kwa utaratibu uliowekwa, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, zinazoteremka shuleni ni 6,000. Gawa kwa miezi 12. Umepata ngapi? Shilingi 500.

Sasa njoo tuione Singida yenyewe. Shule ya mjini yenye watoto 1,000 itapata, kwa hesabu hiyo, shilingi 500,000 kwa mwezi. Hazitoshi, lakini mwalimu mkuu ana pa kuanzia. Lakini Singida si mji tu. Ni pori la Itigi, ni mbuga za Mkalama, ni kaya za wafugaji zilizotawanyika Ikungi na Manyoni, ni Wahadzabe wa Munguli. Mvua ni ya msimu mmoja, nayo ikikataa imekataa. Huko utakuta shule yenye watoto 120, kwa sababu ukitaka kuwakusanya 1,000 itabidi wengine watembee tangu usiku wa manane. Watoto 120 mara 500 ni shilingi 60,000.

Rimu moja la karatasi ni shilingi 10,000 na zaidi. Mitihani ya majaribio ya madarasa saba inataka karatasi, inataka wino. Kuna chaki, kuna kitasa kilichovunjika, kuna nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri kuulizwa kwa nini shule yake imefeli. Paa la shule ndogo likiezuliwa na upepo wa Singida, bati halishuki bei kwa kuwa watoto ni wachache! Fedha zinahesabu vichwa, gharama hazihesabu vichwa. Hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Zamani mwalimu mkuu alijiokoa kwa michango. Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku hadharani, na walimu wakuu wakaingia baridi. Sisi hatuitetei michango ya lazima, mlalahoi wa Singida amenyanyaswa nayo vya kutosha, kuku wake wamekamatwa, mbuzi wake wamefungwa kamba mbele ya ofisi ya kijiji. Tunachosema ni hiki: ukimnyang'anya mtu fimbo, mpe mguu! Mchango umekatazwa, ruzuku ni ileile, mtihani ni uleule wa yule wa shule ya kulipia Dar es Salaam. Halafu matokeo yakitoka tunaambiwa Wanyaturu na Wanyiramba hawana mwamko wa elimu. Mwamko gani unaonunuliwa kwa shilingi 500?

Kuna jambo vijana wengi hawajalitazama vizuri. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002, mwaka uleule wa MMEM, bila kukariri darasa alimaliza la saba mwaka 2008 na kidato cha nne mwaka 2012. Mnakumbuka 2012? Watahiniwa 240,903 walipata ziro, sita katika kila kumi! Serikali ikaunda tume, ikayafuta matokeo, ikayapanga upya mwaka 2013 yakapendeza kidogo. Huyo ndiye mtoto wa dola 10. Alipandishwa madarasa kwa mbio, akapelekwa shule ya kata, akafundishwa na walimu wa voda fasta. Leo yuko nawe hapo kijiweni, anauza mitumba au anaendesha bodaboda ya mtu, na kila siku anaambiwa ni mvivu.

Tuwe wakweli, wamejenga. Kwa fedha za UVIKO za mwaka 2021, zile trilioni 1.3 za mkopo, yalipangwa madarasa 15,000 nchi nzima, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi. Vizuri, madarasa mazuri, rangi inang'aa, mzinduzi kaweka jiwe. Ila ukuta haufundishi kugawanya.

Na watoto hawasubiri. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,370,637 mkoani Singida. Ile ya 2022 ikawakuta 2,008,058. Zaidi ya watu 600,000 wameongezeka katika miaka kumi! Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza orodha ya shule bora. Afadhali, angalau aibu imepungua. Lakini kuvunja kioo hakumpi mtu sura mpya.

Singida haiwezi hata kulalamika kwamba haina mtu mezani. Kuanzia 2021 hadi 2025 ufunguo wa Hazina ulikuwa mikononi mwa mwana wa Iramba, Mheshimiwa Mwigulu Nchemba, na Novemba 2025 akapanda kuwa Waziri Mkuu. Yeye ni mchumi. Hizi hesabu za kugawa na kuzidisha hazimshindi.

Basi mheshimiwa yeyote atakayepanda jukwaani Singida, awe wa chama tawala au hata wa kwetu, msimwachie aanze na wimbo na fulana. Mzuieni hapo hapo mumwulize: shule yenye watoto 120 utaipa kiasi gani cha kuanzia kila mwezi, kabla hujahesabu kichwa hata kimoja? Na hicho kichwa chenyewe utakilipa shilingi ngapi? Ataje tarakimu.