RUBANI AGEUKAYE SI MWOGA

Miezi ya mvua katika Mkoa wa Katavi ni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Wakati huo barabara za udongo za milimani huharibika, na mahali kama Mwese, ambapo wakimbizi kutoka Rwanda walipewa ardhi katika miaka ya 1960, huwa mbali zaidi na hospitali kubwa. Ndipo watu hutazama juu na kutaka ndege ndogo. Ni haki yao. Huduma ya madaktari warukao, iliyoanzishwa Afrika ya Mashariki mwaka 1957, ilianza kwa sababu hiyo hiyo: mgonjwa hawezi kungoja barabara ikauke.

Lakini miezi ile ile inayofunga barabara ndiyo inayozaa dhoruba angani. Juu ya jambo hili hatuna budi kusema wazi.

Asubuhi mbingu yaweza kuwa safi. Jua likipanda, ardhi hupata moto, na hewa yenye unyevu, itokayo Kongo na juu ya Ziwa Tanganyika, husukumwa juu na milima. Kufika alasiri, wingu lililokuwa dogo limekwisha kuwa mnara wenye kimo cha zaidi ya mita 12,000. Ndege ndogo ya injini moja haiwezi kuliruka. Ikipita chini yake, hukutana na mvua inayoificha milima, na upepo unaoshuka kwa nguvu kuliko injini iwezavyo kuipandisha ndege. Ikiingia ndani, mikondo ya hewa yaweza kuvunja mabawa yake. Kwa hiyo marubani hufundishwa kukaa mbali na dhoruba kubwa ya radi, yapata kilomita 37, ama kurudi walikotoka. Asemaye kwamba rubani hodari hupenya, awapoteza wenziwe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo yamfaa mkulima aliyesimama shambani. Rubani aliyeondoka Mpanda mchana hayaoni mawingu yaliyo nyuma ya mlima. Dhoruba iitwayo ya ghafla huenda si ya ghafla hata kidogo kwa mwanakijiji aliyeiona ikikusanyika tangu adhuhuri. Ni ya ghafla kwa rubani peke yake, kwa kuwa hakuna aliyempasha habari.

Basi dawa ya kwanza ni habari. Mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, nchi zetu tatu zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa. Leo kazi hiyo kwetu ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wa mkoa mzima ni jambo jema, lakini hauwezi kueleza kila bonde. Twaona yafaa kila mahali panapotua ndege ndogo pawe na mtu aliyefundishwa kusoma mbingu, naye apige simu kabla ndege haijaondoka. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni roho za watu.

Tusijidanganye kuwa ukubwa wa ndege ni kinga. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye injini mbili na marubani wawili ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 walikufa 19. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuwaokoa. Hatulikumbushi jambo hili ili kumlaumu mtu. Twalikumbusha kwa sababu mwezi ule wa Novemba hurudi kila mwaka.

Dawa ya pili iko mikononi mwetu sisi abiria. Mkubwa mwenye mkutano, mfanya biashara mwenye haraka, hata jamaa za mgonjwa, humsukuma rubani aondoke. Uchungu wa jamaa twaufahamu. Lakini ndege ikianguka mlimani, mgonjwa hapati dawa, na mganga aliyekuja naye hupotea pamoja na wote ambao angaliwatibu kesho.

Kwa hiyo rubani akisema, "Leo siendi," asiitwe mwoga, wala asikatwe mshahara, wala asiulizwe mara ya pili. Na akirudi njiani, apokewe kwa heshima kama mfanya kazi aliyetimiza kazi yake.