Dizeli ya madumu Juba yala akiba ya injini mpya

JUBA – Kwamba injini za kisasa za dizeli hutumia mafuta kidogo kuliko zile za zamani, hilo halina ubishi tena. Lakini msafirishaji anayeingia Juba kupitia Nimule ana swali jingine la kujiuliza kabla ya kutoa fedha zake: akiba hiyo itafika kweli mwisho wa mwaka, au itaishia mikononi mwa fundi wa Hai Jalaba?

Mtaa huo wa Juba umebeba jina la wafanyabiashara waliokuwa wakitoka kaskazini, ambao katika Kiarabu cha Sudan huitwa jalaba. Biashara haijauhama mji. Kilichobadilika ni bidhaa, na mojawapo ya bidhaa zinazouzwa kando ya barabara za Juba, hasa vituo vinapokauka, ni mafuta yaliyotiwa katika madumu na chupa za plastiki. Mwenye bodaboda ya kabureta hapati hasara kubwa kwa mafuta hayo. Uchafu ukiziba anafungua, anapuliza, anaondoka. Mwenye gari la mfumo wa komoni reli hana bahati hiyo.

Tofauti iko katika namna mafuta yanavyofikishwa ndani ya injini. Katika injini ya zamani, pampu husukuma dizeli kwa zamu hadi kwenye kila nozo. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo mashirika ya misaada yameitumia kwa miaka mingi Sudan Kusini, nozo zake hufunguka kwa mgandamizo usiofika baa 200. Katika komoni reli, pampu hujaza bomba moja nene lenye mgandamizo wa baa 1,800, na injini za karibuni hupita 2,000. Tairi la lori, kwa kulinganisha, hujazwa upepo wa baa 8 hivi. Kompyuta ndiyo inayoamua nozo ipi ifunguke, lini na kwa muda gani, na katika mzunguko mmoja inaweza kufungua mara kadhaa. Kampuni ya Denso ya Japani iliweka mfumo huu katika malori ya Hino mwaka 1995, na Bosch ya Ujerumani ikafuata kwa magari madogo mwaka 1997.

Ili kustahimili mgandamizo huo, nafasi kati ya vyuma ndani ya nozo ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Chembe ya mchanga inayopita salama ndani ya 1HZ inakwaruza nozo ya kisasa. Maji ni mabaya zaidi, kwa kuwa pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe na maji hayalainishi kitu. Mafuta ya taa nayo yana ulaini mdogo, ndiyo maana dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huua pampu polepole bila dereva kusikia lolote.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikapu inayokwenda kilomita 30,000 kwa mwaka, ikiokoa lita 3 kwa kila kilomita 100 ukilinganisha na injini ya zamani, inaokoa lita 900. Lita ikiwa dola 1.20, hiyo ni dola 1,080. Nozo nne halisi, tukichukua dola 350 kwa moja, ni dola 1,400, bila kuhesabu ufundi na siku ambazo gari limelala. Dumu moja lenye maji linaweza kumeza akiba ya zaidi ya mwaka mzima. Kwa lori kubwa lenye nozo sita hesabu ni nzito zaidi, kwani pengo la matumizi kati ya lori la zamani na jipya ni dogo kwa asilimia, wakati siku moja ya kusimama inagusa mzigo wa mtu mwingine.

Kuna jambo la ufundi ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Nozo ya zamani inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kupimwa kwa pampu ya mkono chini ya mwembe. Ya komoni reli inahitaji mashine maalumu ya kupimia, na nyingi zina namba ya siri ambayo lazima iingizwe katika kompyuta ya gari. Fundi asiye na vifaa hivyo atabadilisha kwa kubahatisha, na wengi hulazimika kupeleka nozo Kampala au Nairobi.

Uchafu huo unatoka wapi? Wengi hukimbilia kulaumu mafuta yenyewe yanakotoka, lakini lawama hiyo imepungua uzito. Sudan Kusini inachimba mafuta ghafi na kuyapeleka nje kwa bomba kupitia Sudan, bomba ambalo lilipasuka Februari 2024, lakini dizeli iliyosafishwa huagizwa kwa wingi kupitia Mombasa. Tangu Januari 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa nao ulipata pigo Septemba 2018, Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa na kuondoa faida ya kuyachanganya.

Kwa hiyo dizeli inayotoka bohari ya Eldoret kwa kawaida ni nzuri kiasi cha kuridhisha injini ya kisasa. Inaharibika baadaye: katika tangi la lori lisilosafishwa, katika pipa lililokaa juani mchana na kupoa usiku hadi likatoa jasho la maji ndani, katika dumu lililokuwa na bidhaa nyingine jana.

Na inaharibika katika mfuko wa dereva. Lori lililojaza tangi la lita 600 Gulu linaweza kwenda Juba na kurudi bila kununua lita hata moja Sudan Kusini. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012. Kwa lita 45 kila kilomita 100, safari yote kutoka Gulu na kurudi haifiki lita 300. Mafuta hayapungui njiani kwa bahati mbaya. Dereva aliyekaa foleni siku kadhaa mpakani, posho ikiwa imekwisha, hunyonya lita 40 akauza, kisha hufidia kwa dumu la Juba. Mwenye lori anayebana posho na kununua injini ya kisasa anafanya hesabu mbili zinazopingana.

Kukimbilia injini za zamani si njia ya kudumu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Toyota yenyewe iliingiza injini ya lita 2.8 ya komoni reli katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 2023. Howo za zamani zenye pampu ya kawaida bado zinatafutwa kwa sababu hii, na bei zake zinajieleza.

Kinachowezekana leo ni cha gharama ndogo: filta ya pili yenye kikombe cha kutenga maji, kumwaga maji hayo kila asubuhi, filta halisi kubadilishwa kabla ya muda ulioandikwa kitabuni, kifuniko cha tangi chenye kufuli na posho inayotosha siku za foleni. Mvua za Juba huanza Aprili na huendelea hadi Oktoba, na miezi hiyo vikombe vya filta hujaa haraka.