Mke wa Nyeri si Bondia

Panda matatu Karatina, useme umeoa Nyeri. Utani uko tayari: "Buda, helmeti umenunua?" Gari zima litacheka. Juzi kijana mmoja alitupiwa neno hilo, akacheka kama wenzake, kisha akageukia dirishani hadi Marua.

Kenya nzima inaamini kwamba mwanamke wa Nyeri humpiga mumewe. Wachekeshaji wanalishwa na imani hiyo, nasi wenyeji tumeizoea mpaka tunaisimulia kama mila yetu. Ni uzushi. Mume akipigwa Kakamega, hayo ni ya nyumba ile. Akipigwa Othaya, kaunti nzima imeshika mwiko. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipoonyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15, nani aliuliza wanaume wao wametoka wapi?

Kinachoitwa ukali wa mwanamke wa Nyeri kina historia. Koo za Wakikuyu zimebeba majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila katika simulizi, si ya wana. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Wanaume wengi wakaishia msituni au kizuizini, na kuanzia 1954 familia zikasukumwa kwenye vijiji vya kulazimishwa. Wanawake wakachimbishwa handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji wakose chakula. Aliyebaki na watoto, shamba na jembe aliamua mambo mwenyewe, maana wa kuombwa ruhusa hakuwepo.

Mjukuu wake leo yuko soko la Karatina alfajiri, ameketi juu ya gunia la viazi, hela kazifunga kwenye leso. Akimkataza mume kunywea pesa za majani chai, majirani husema "amemkalia". Kipigo chenyewe mara nyingi ndicho hicho: neno "hapana". Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alilisema 1989 kuhusu jumba lililopangwa kujengwa Uhuru Park. Bungeni wakawakejeli wanawake wa vuguvugu lake la Green Belt kuwa ni kundi la waliotalikiwa.

Wapo wanaume wanaopigwa kweli, hapa na kwingineko. Hao ndio ambao utani huu unawaziba mdomo, kwani nani atakwenda kuandikisha taarifa mbele ya askari anayeuma midomo asicheke?

Yule kijana alishuka Nyeri bila kumuaga mtu. Kama nyumbani kulikuwa na jambo, sote kumi na wanne hatukumuuliza.