Mwokoaji wa kwanza ziwani ni mvuvi, tumfunze

Huenda umelisahau jina la Majaliwa Jackson. Mnamo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, Tanzania. Kijana huyu mvuvi na wenzake waliiendea haraka, na kwa maelezo yake alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na abiria wakatoka. Alipojaribu kuwanusuru marubani, kamba aliyoifunga mlangoni ilikatika ikampiga usoni. Alizirai, akazindukia hospitalini. Watu 24 walinusurika. 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo.

Majaliwa alitunukiwa shilingi milioni moja za Tanzania, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini je, kumbukumbu ya kitendo chake iishie hapo?

Fikiria kisiwa cha Remba, huku kwetu Kenya, kilichosongamana vibanda vya mabati na wavuvi kutoka nchi zote tatu za ziwa hili. Mashua ikipinduka usiku, hakuna ambulensi itakayofika. Atakayefika ni mvuvi mwingine. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu, kwa hivyo uhai wa anayezama umo mikononi mwa aliye karibu, wala si mwa daktari kama mimi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021. Kwa maoni yangu, kaunti za Homa Bay na Migori ziwafunze wavuvi uokoaji na huduma ya kwanza, na kila anayepanda mashua avae jaketi la kuelea. Ujasiri wanao tayari. Wanachokosa ni ujuzi na vifaa.

Nawe wa mjini usidhani hayakuhusu. Kidimbwi cha hoteli huua pia. Ukimwona mtu anazama, usijitose ovyo. Piga kelele, mrushie kamba au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa vizuri. Akishatolewa, mlaze chali. Ikiwa hapumui, mpulizie pumzi kwanza, kwani alichokosa ni hewa. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi 2, na uendelee hivyo hadi msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo: utapoteza wakati, na anaweza kutapika akapaliwa.

Hata akizinduka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali. Mapafu yaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Mfa maji haachi kutapatapa, wahenga walisema. Tusingoje atapetape ndipo tuanze kutafuta kamba.