Mwalimu wa Nidhamu Asiwe Mwalimu wa Ushauri

Mwaka jana nilikwenda fildi katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Bunda. Siku ya kwanza nilikabidhiwa vitu vitatu: boksi la chaki, ratiba ya vipindi na daftari la majina ya wanaolala darasani. Hilo la tatu sikulitegemea. Mwalimu wa zamu akaniambia, "Madamu, ukimkuta mtu kalala usihangaike naye. Andika jina tu, atajieleza mstarini."

Wiki ya pili nikaandika jina la kijana mmoja wa kidato cha pili. Wiki hiyohiyo nikaliandika tena. Huyu hakuwa anasinzia, alikuwa analala kabisa, mdomo wazi. Alichapwa, akarudi, akakaa, na baada ya dakika ishirini kichwa kikawa juu ya dawati tena. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Siku iliyofuata nilimkuta bombani anajaza ndoo.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba. Hivi wewe nyumbani unalala saa ngapi?"

"Nalala asubuhi, madamu."

Kwao ni upande wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Wenyeji wa Bunda hawahitaji kuelezwa, ila kwa ninyi wa mikoa mingine: kule tembo wanaingia mashambani usiku, na shamba la mahindi la mwaka mzima linaweza kwisha usiku mmoja. Kwa hiyo watu wanakesha na tochi na madebe. Kijana huyu alikuwa anakesha kwa zamu na kaka yake. Hilo peke yake lingetosha. Lakini akaendelea, macho kwenye ndoo, akasema tangu jirani yao auawe na tembo, hata siku isiyo zamu yake hapati usingizi. "Nikisikia kijiti kimevunjika tu, moyo unakimbia mpaka asubuhi." Ilikuwa miezi mitano tangu msiba ule.

Nikamuuliza kama amemwambia mwalimu yeyote. Akaniuliza, amwambie nani? Nikajibu kama tulivyofundishwa chuoni: mwalimu wa ushauri na unasihi.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. "Madamu, si ndiye anayenichapa?"

Alikuwa sahihi. Pale shuleni mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa ushauri ni mtu mmoja, meza moja. Ukutani kuna karatasi yenye maneno "Karibu tuzungumze", na chini yake, pembeni ya kabati, fimbo zimeegemezwa. Sidhani ni shule hiyo tu. Niliporudi nikawauliza wenzangu waliokwenda fildi Musoma Vijijini, Butiama, hata Mwanza, na wengi wakacheka kwa sababu waliyakuta yaleyale.

Sisemi yule mwalimu ni mtu mbaya, maana najua tabia yetu wanachuo: tunakwenda wiki nane tu, tunarudi na hukumu. Yule mzee ana historia vidato vinne, ana zamu, ana kamati ya chakula. Nilipomuuliza kwa heshima, akaniambia, "Mwanangu, hapa tuko walimu kumi na moja. Huo ushauri nilipewa kikaoni siku ambayo nilichelewa kufika. Kozi yake sijawahi kuiona." Tukacheka wote wawili, kisha akaingia darasani kwa kipindi cha sita mfululizo.

Ninachosema ni hiki. Mtu anayeshika fimbo hawezi kuwa mtu wa kuambiwa siri, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Mtoto anapima kabla hajafungua mdomo. Akisema halali kwa sababu ya hofu, maneno hayo yataingia kwenye sikio gani, la ushauri au la nidhamu? Hawezi kujua, kwa hiyo ananyamaza. Akinyamaza anaitwa mvivu, jeuri, au kichwa kigumu. Tunamwadhibu kwa ugonjwa, halafu tunashangaa kwa nini hasemi kama anaumwa.

Kanuni za viboko zipo na mipaka yake inajulikana: visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Najua pia kinachofanyika mstarini. Lakini leo sitaki kuingia kwenye mjadala wa viboko, maana huo ukianza hauishi na kila mtu anarudi nyumbani na msimamo wake. Hata wewe unayeamini fimbo, kubali kwamba aishikaye asiwe huyohuyo wa kuambiwa siri.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyefika mahali pa kutamani asiwepo duniani, akimwambia mtu, anakutana na nini? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kinapingana na katiba yao. Huku kwetu mwanafunzi anaweza kutishiwa polisi na mtu anayedhani anamsaidia. Nimesikia kwa masikio yangu, ofisini, mwalimu mmoja akisema, "Mwambie tu hiyo ni kesi, ataacha." Hataacha. Ataacha kusema. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuketi na mtu mtulivu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali kama anavyopelekwa mwenye malaria kali.

Sasa niseme la kwangu, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwezi Agosti binti mmoja wa kidato cha kwanza alinifuata baada ya kipindi, akanisindikiza hadi getini, akaniuliza, "Madamu, likizo ya Desemba utakuwa hapa?" Nikamjibu kwa furaha kabisa kwamba Desemba nitakuwa nimesharudi chuoni, labda nitakuwa Musoma kwa wazazi nakula samaki. Akasema haya. Akaniambia safari njema. Nikaenda kuandika andalio la somo.

Mimi nimezaliwa Musoma, jamani. Nimekua nikisikia kila mwaka kwamba Desemba shule zikifungwa, ndipo baadhi ya koo zinapokeketa mabinti, ingawa sheria inakataza tangu 1998. Najua kwamba wapo wanaokimbia kabla ya siku, na kwamba Mugumu na Kiabakari kuna nyumba salama zinazowapokea. Kila Ijumaa nilipokuwa narudi nyumbani kutoka Bunda, basi lilikuwa linapita Kiabakari. Na bado swali la yule mtoto lilinipita. Lilinijia Desemba yenyewe, nikiwa kwenye foleni ya maji, redioni wakizungumzia mabinti waliopokelewa mwaka ule. Sijui kama naye alikuwepo. Sijui kama alikuwa anauliza hilo au aliuliza tu kwa sababu alinizoea. Lakini sikumuuliza "kwa nini?", na neno hilo halikuhitaji shahada.

Chuo kimenifundisha azimio la kazi, andalio la somo, zana za kufundishia, hata jinsi ya kufuta ubao bila kuwapa wanafunzi mgongo. Saikolojia ya elimu nilisoma, nikapata B. Nilijua majina ya wazungu wote wa nadharia za makuzi. Nilichokuwa sijui ni kumsikiliza mtoto dakika tano bila kumpa ushauri, na kumpeleka kwa nani nikishamsikia.

Hapa ndipo Musoma inaponipa hoja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini kwetu na kutoa Azimio la Musoma. Waliamua kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, badala ya kusubiri hadi 1989 kama mpango wa awali ulivyosema. Walimu hawakuwepo. Hawakusubiri wawepo: maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa kufundisha huku wakijifunza kazi, wale ambao wazazi wetu wanawaita walimu wa UPE. Azimio hilohilo likasema vijana wa kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza wakaonje kazi. Maana yake, watu walioketi Musoma waliona kijana aliyesoma ni sehemu ya jibu, hata kabla hajakamilika.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia UPE ilishusha ubora, na kwamba miaka ya 2000 tukapata wale waliobatizwa "voda fasta", walioiva kwa miezi michache. Sasa unataka wanasihi wa voda fasta? Swali la haki. Jibu langu liko kwa jirani.

Kenya kuna taasisi inaitwa Shamiri, iliyoanzishwa na kijana wao Tom Osborn. Hawakuwasubiri madaktari wa akili, maana hawapo wa kutosha. Waliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 22, wengi ndiyo kwanza wamemaliza sekondari, wakawafunza kwa muda mfupi, wakawapeleka shuleni kuongoza vikundi vidogo. Saa moja kwa wiki, wiki 4. Hawachunguzi ugonjwa wala hawatoi dawa. Wanazungumza na wanafunzi kuhusu kwamba mtu anaweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Anayeonekana ana tatizo kubwa anapelekwa juu, kwa wataalamu wanaowasimamia. Jaribio lao lililochapishwa 2021 lilikuwa na wanafunzi 413, na waliopitia vikundi hivyo walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko waliopewa masomo ya mbinu za kujisomea, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya miezi 7. Zimbabwe nako Dk. Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kama bibi wa Harare ameweza, na kijana wa Nairobi ameweza, mwanachuo wa mwaka wa pili mwenye bumu anashindwa nini?

Tofauti na voda fasta ni hii: yule alipewa darasa zima na kuachwa. Huyu anapewa kazi ndogo yenye mpaka, na nyuma yake kuna mtu wa kumpigia simu.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara yenu ya elimu ambayo tangu uchaguzi tumeisikia kwenye suala la vitambulisho tu: kabla ya fildi ijayo, idai siku tatu. Siku tatu tu, kabla hatujagawiwa shule, tufundishwe kusikiliza, kutunza siri, kujua siri ipi haitunzwi kwa sababu maisha ya mtoto yako hatarini, na kujua milango ya kugonga wilayani: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, namba 116 ya watoto ambayo ni bure, hospitali ya wilaya. Na kwenye barua ya kututambulisha kwa wakuu wa shule chuo kiandike sentensi moja: mwanafunzi wa fildi asipangiwe kazi ya nidhamu. Daftari la majina nililikubali kwa sababu sikujua kama naweza kulikataa.

Mzigo wote tusiwatupie walimu wa kata pia. Hapa chuoni mtu akipata sapu tatu anajifungia chumbani wiki nzima, tunasema "yuko chimbo". Anayeshughulikia nidhamu yetu hosteli na anayetakiwa kutusikiliza wana ofisi moja hapa pia, mlango mmoja, na wote tunajua nani huwa anaonekana pale. Tuanze kutenganisha hapohapo, kabla hatujaenda kumwambia mkuu wa shule wa Bunda afanye hivyo na walimu wake kumi na mmoja.

Yule kijana wa tembo, kwa taarifa yenu, nilimwambia yule mzee habari zake, kwa ruhusa yake mwenyewe. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Wiki iliyofuata akamruhusu alale chumba cha stoo wakati wa mapumziko marefu, na jina lake likaacha kuandikwa. Hofu haikuisha, na hakuna aliyekuja kumtibu. Lakini siku moja aliingia ofisini kwa mzee bila kuitwa, nikiwepo, akasimama mlangoni muda mrefu. Mzee akaziondoa fimbo pale pembeni ya kabati, akaziweka nje, ndipo akamwambia, "Ingia, keti."

Mliopangiwa Bunda na Butiama mwaka huu, niko maktaba ghorofa ya kwanza karibu kila jioni. Nimeandika majina ya ofisi za huko na mahali zilipo. Njooni mnakili.