UKURASA WA MFUGAJI: Tuwamalize Nzi Bila Dawa ya Sumu

Safari hii tunawalenga hasa ninyi wenye ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili nyuma ya nyumba, huko Buswelu, Igoma, Nyegezi na kandokando ya Ziwa.

Nzi si kero tu. Nzi wa nyumbani hutoka kwenye kinyesi akatua kwenye ndoo ya maziwa na machoni mwa watoto. Ndivyo kuhara na trakoma huingia nyumbani. Yuko pia nzi anayefanana naye lakini huuma, hasa miguuni mwa ng'ombe. Ng'ombe anayepigapiga miguu mchana kutwa hali vizuri, na maziwa hupungua. Nzi huyo husaidia pia kueneza ugonjwa wa mapele ngozi.

Dawa ya kupulizia humwua nzi unayemwona. Mayai na funza walio ndani ya samadi hubaki. Nzi huizoea, na isipotumiwa kwa uangalifu huweza kuingia katika maziwa, au kusombwa na mvua hadi ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Sumu ikiingia katika chakula, hasara ni ya wote.

Dawa ya kweli ni kumwahi nzi angali funza. Jike hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja, penye unyevu na uozo. Kwa joto letu, yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Basi tufanye hivi:

1. Zoa samadi kila siku. Usisahau pembeni, chini ya hori na palipomwagika mikojo.

2. Ondoa mabaki ya majani yaliyolowa. Nzi aumaye hupenda sana majani yaliyooza yakichanganyika na mikojo. Pumba za mpunga za kulalia nazo zibadilishwe zikilowa.

3. Lundika samadi mbali na jiko, uifunike vizuri kwa nailoni. Joto la ndani huua funza. Ukigeuza lundo, ingiza ndani samadi ya pembeni, maana huko ndiko funza hukimbilia. Mwenye mtambo wa biogesi aitie humo ikiwa mbichi. Atapata moto wa kupikia pia.

4. Sakafu iwe na mteremko na mfereji, maji yasituame.

5. Waache kuku wachakure samadi na kula funza, ila wasiingie bandani wakati wa kukamua.

6. Chupa yenye maji na vichwa vya samaki hunasa nzi wa nyumbani. Itundike mbali na nyumba na maziwa. Nzi aumaye hafuati chambo hicho. Yeye hufuata damu.

Angalizo: kupe ni jambo jingine. Usiache kuogesha ng'ombe kama bwana mifugo alivyoelekeza, kwani ndigana kali huua.

Kazi hii isiwe ya mama peke yake. Baba ashike koleo, watoto wakubwa wafagie. Ukikosa wiki moja tu, kizazi kipya cha nzi kitaruka. Maziwa ndiyo uji wa watoto na ada ya shule, tuyalinde.